Kelele Hazilipi Invoisi: Picha Yako Ikitumika Bila Ruhusa, Anza na Karatasi

Kuna mtindo umeshazoeleka kwa wapiga picha wetu, Dar, Nairobi, Mombasa, Arusha, kote ni uleule. Mtu yuko kwenye daladala au anapekua simu yake usiku, anakuta picha aliyoipiga yeye ipo kwenye bango la kampuni, au imekuwa kava ya kalenda, au ipo kwenye ukurasa wa hoteli huko Zanzibar na chini yake kuna jina la mtu mwingine kabisa. Damu inachemka. Anapiga skrinshoti nusu nusu, anaandika "hawa ni wezi", anawatag wote mpaka waziri, watu wanajaa kwenye komenti, "pole kaka", "washtaki hao", "wamezoea", na baada ya siku mbili picha inafutwa kimya kimya, kijana wa mitandao wa ile kampuni anamblok, habari imeishia hapo. Hela hajapata. Ushahidi nao haupo tena, na aliyewashtua mpaka wakaufuta ni yeye mwenyewe.

Sisemi hasira haina haki yake, inayo kabisa. Ninachosema ni kwamba ukiangalia kesi zile chache ambazo mpiga picha mmoja alipambana na taasisi kubwa akashinda, sioni hata moja ambayo ushindi wake uliletwa na kelele. Kilichosaidia ni karatasi: faili halisi, invoisi ya zamani, leseni iliyoandikwa miaka thelathini nyuma. Na karatasi hizo zilikuwepo kabla ya wizi wenyewe, hapo ndipo wengi wetu tunapokwama.

Kabla sijafika huko nataka niseme kitu kuhusu krediti, maana naona ndiyo ugonjwa mkubwa. Magazeti yetu na blogu zetu zina ile tabia ya kuandika "Picha: Mtandao" au "Picha kwa hisani ya mtandao", kana kwamba mtandao ni mtu ana kamera na lensi na nauli ya bodaboda. Sasa mpiga picha akiona hivyo, jambo la kwanza analodai ni nini? "Mngeweka hata jina langu basi." Hapo hapo umeshauza kesi yako. Umemwambia yule mtu kwamba bei ya picha yako ni jina, na jina yeye kulichapa hakumgharimu chochote. Kesho ataweka jina, atatumia picha kumi, na atakuona wewe ndiye mkorofi ukidai hela.

Jina ni haki yako, sawa, sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya zote zinakupa haki ya kutambuliwa kama mtunzi wa kazi. Lakini hiyo ni haki moja, na ruhusa ya kutumia ni haki nyingine, mtu akikupa moja hajakulipa ile ya pili.

Kesi ya Daniel Morel inaonyesha hili vizuri kuliko kesi nyingine yoyote ninayoijua, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Morel ni mpiga picha wa Haiti. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko lilipopiga Port-au-Prince yeye alikuwepo, akaingia mtaani, akapiga watu wakitolewa kwenye vifusi wakati ulimwengu bado hauna picha yoyote ya maana kutoka kule. Jioni ile akaziweka kwenye TwitPic, huduma iliyokuwa inatumika kuunganisha picha na Twitter. Ndani ya muda mfupi jamaa mmoja wa nchi jirani, Jamhuri ya Dominika, akazinakili, akaziweka kwenye akaunti yake kama zake. Shirika la habari la Ufaransa, AFP, likazichukua picha nane kutoka kwa huyo jamaa, likazisambaza duniani kwa jina lake, na mshirika wao Getty Images, kampuni kubwa ya kuuza picha, naye akazisambaza kwa wateja wake. Asubuhi magazeti makubwa yanazo ukurasa wa mbele, Morel bado yupo kwenye vumbi la Port-au-Prince.

Sasa angalia kilichofuata. AFP wakagundua jina si sahihi, wakatuma marekebisho kwamba picha ni za Daniel Morel. Krediti ikarekebishwa! Kwa akili zetu za "wangeweka hata jina", ishu ingekuwa imeisha hapo. Lakini jina sahihi halikugeuka kuwa leseni, maana Morel hakuwa amemuuzia AFP chochote, picha zake zilikuwa zinauzwa kupitia wakala mwingine, Corbis. Baadaye AFP wakatoa notisi ya kuziondoa, ila kule Getty zile zenye jina la yule jamaa zikaendelea kupatikana, na wateja wakaendelea kuzitumia.

Wanasheria wa Morel wakaanza kuwaandikia watu barua. Na unajua AFP walifanya nini? Machi 2010 wakamshtaki yeye. Ndiyo, mwenye picha ndiye aliyeshtakiwa, New York, wakiomba mahakama itamke kwamba wao hawajakosea chochote kwa sababu masharti ya Twitter yanaruhusu vitu vilivyowekwa pale kutumika. Kesi ikaenda miaka. Januari 2013 jaji akasema hapana, masharti yale yanaruhusu watu kushea ndani ya mtandao wenyewe, hayampi shirika la habari leseni ya kuuza picha za mtu. Novemba mwaka huohuo jopo la raia wanaoamua kesi (jury) likampa Morel fidia ya dola milioni 1.2 hivi. Vyombo kadhaa vya habari vikubwa vya Marekani vilikuwa vimeshamalizana naye kabla ya hapo.

Na kuna kitu hapo watu wanakipita. Fidia ya aina ile, ambayo kiwango chake kimewekwa na sheria yenyewe bila wewe kuthibitisha umepoteza shilingi ngapi, kwa Marekani haipatikani kama kazi haijasajiliwa kwenye ofisi yao ya hakimiliki kwa wakati, maana yake kabla ya wizi au ndani ya miezi mitatu tangu picha itoke. Ukiwa umesajili, kila kazi moja inaanzia dola 750 mpaka 30,000, na kama walifanya makusudi inaweza kufika 150,000. Usiposajili, unabaki kubishana kuhusu hasara halisi, na hasara halisi ya picha moja mara nyingi haitoshi hata kumlipa wakili nauli. Mgeni anaweza kusajili pia, na kuna utaratibu wa kusajili picha mpaka 750 kwa mkupuo mmoja kwa dola 55. Kwa mtu anayepiga wanyama Serengeti au mafundi wa majahazi Lamu, na anajua kabisa wateja wake na wezi wake wako Marekani, hiyo dola 55 siioni kama anasa.

Nyumbani hakuna sharti hilo. Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, Kenya tangu 1993 na Tanzania tangu 1994, na msingi wake ni kwamba hakimiliki inazaliwa ulipobonyeza, hauhitaji cheti cha mtu. Usajili wa COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania) au KECOBO (ya Kenya) unakusaidia kuthibitisha, sio unakupa haki. Lakini jaribu kwenda kwa wakili na hadithi tupu uone uso wake utakavyokuwa.

Kesi ya pili ni ya Lynn Goldsmith. Mwaka 1981 alimpiga picha mwanamuziki Prince studio. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair likalipa dola 400 kutumia picha moja kama rejea ya msanii, na karatasi ya leseni ikasema wazi ni matumizi ya mara moja tu. Msanii mwenyewe alikuwa Andy Warhol. Warhol akatengeneza si moja, akatengeneza mfululizo mzima, Goldsmith hajui. Prince akafariki 2016, kampuni inayomiliki jarida lile ikachukua mchoro mwingine kwenye ule mfululizo, ikailipa taasisi ya Warhol dola 10,000. Goldsmith hakupata senti wala jina lake halikutajwa. Alipolalamika, taasisi ikawahi mahakamani kabla yake, mchezo uleule wa AFP. Tarehe 18 Mei 2023 Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani ikaamua upande wake, majaji saba kwa wawili.

Kwenye kesi zote mbili mnyonge ndiye aliyeburuzwa kwanza. Kwa hiyo unapoandika barua ya madai kwa mtu mwenye mawakili, andika ukijua kwamba barua hiyo inaweza kuwa kielelezo namba moja dhidi yako. Ukiandika matusi, ukitishia "nitawaharibia biashara", ukidai kiasi ambacho hujui umekitoa wapi, jaji atakisoma chote. Na angalia Goldsmith alichokuwa nacho mkononi: karatasi ya 1984 yenye maneno ya "mara moja tu". Wewe leseni yako ya mwezi uliopita iko wapi? Iko kwenye voisinoti ya WhatsApp, klaienti anasema "fanya mpango kaka tutaongea".

Nije sasa kwenye swali ambalo watu hawapendi kulisikia, je, hiyo picha ni yako kweli? Namaanisha kisheria. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, kinasema kazi ikiwa imeagizwa na mtu, au imefanywa na mwajiriwa akiwa kazini, hakimiliki inahesabika imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo. Soma tena hapo. Wewe mpiga picha wa harusi na matukio ya kampuni Nairobi, uliyeitwa, ukalipwa advansi, ukapiga, ukapeleka flashi, bila mkataba wowote, halafu leo unawaita wezi kwa sababu wameweka picha zao kwenye bango, kuna uwezekano mkubwa ni wao wenye hakimiliki. Mstari mmoja tu kwenye mkataba, kwamba hakimiliki inabaki kwa mpiga picha na mteja anapewa leseni ya matumizi haya na haya kwa muda huu, unabadilisha kila kitu. Na Tanzania pia usitegemee kumbukumbu ya maneno, uandike.

Kuna ile ya mpiga picha wa pili vilevile. Umepewa kazi na bosi wako, umesimama kona ya ukumbi na kamera yako mwenyewe, umepiga ile picha ambayo bibi harusi analia na babake, inasambaa nchi nzima, ni ya nani? Sheria ya Kenya inasema mtunzi wa picha ni yule aliyehusika na mpangilio wake, kwa hiyo kuwa mwenye kamera peke yake haitoshi, wala kuwa bosi. Lakini ukishakuwa umeajiriwa kile kifungu cha 31 kinarudi tena. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa jambo la namna hii ambalo lingeandikwa kwenye meseji moja asubuhi ya kazi.

Haya, tuseme picha ni yako, hakuna ubishi. Mpangilio wa kufanya ni upi? Ushahidi kwanza, kabla hujamwambia mtu yeyote, kabla hujamtag mtu, hata kabla hujamwambia mkeo kama mkeo ana mdomo. Piga skrinshoti ya ukurasa mzima ikionyesha anwani ya ukurasa, tarehe, na jina la akaunti. Kama ni tovuti, ihifadhi pia kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ile inakupa kopi yenye tarehe ambayo sio wewe uliyeitengeneza. Kama ni bango barabarani, lipige likiwa na barabara inayoonekana na majengo, sio picha yako peke yake imejaza fremu. Kama ni kalenda au brosha au tisheti, nunua moja na utunze risiti. Na kama unafikiria kwenda mahakamani, jua kwamba ushahidi wa kielektroniki una masharti yake, Kenya wanataka cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, Tanzania kuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayoeleza mahakama inapima vipi uhalisia wa data. Wakili atakuandalia, ila hawezi kukuandalia kitu ambacho hukukihifadhi.

Upande wako toa faili ya RAW, ile faili ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera. Hiyo ndiyo silaha kuliko wotamaki, ile alama ya jina lako juu ya picha. Wotamaki mtu anaikata kwa sekunde tatu, na siku hizi simu yenyewe inaifuta (iweke hata hivyo, maana kuna sheria zinazofanya kuondoa alama ya mwenye kazi kuwa kosa la pekee, Marekani hivyo, Kenya hivyo). Lakini RAW, na zile fremu za kabla na za baada yake ambazo hazijawahi kutoka kwenye hadidiski yako, hakuna mwizi anazo. Ndiyo maana kutuma RAW kwa klaienti ovyo ovyo nakuona kama kumkabidhi mtu hati ya kiwanja kwa sababu ameomba kupiga kambi. Na ukituma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa zote za ndani ya faili, jina lako, tarehe, kamera, zinapotea, tuma kama dokumenti.

Baada ya hapo ndio unauliza ni nani aliyetumia, maana dawa haiwezi kuwa moja kwa wote. Dada wa saluni ya Kinondoni aliyedaka picha Google akaitengenezea posti ya kusuka hana nia mbaya, hajui, kwake Google ni kama hewa. Huyo mtumie meseji ya heshima, atatoa, mara nyingi ataomba radhi na pengine atakuwa mteja wako. Kumletea barua ya wakili ni kuua mbu kwa panga, na nimeona mpaka watu wanaotafuta hela kwa njia hiyo. Kule Marekani na Ulaya imeshakuwa biashara kamili, kampuni zinatumia programu kusaka picha mtandaoni na kutuma madai kwa maelfu. Na zinakosea. Carol Highsmith, mpiga picha wa Kimarekani aliyetoa picha zake maelfu kwa Maktaba ya Bunge la nchi ile ili umma uzitumie bure, alipokea barua ya kudaiwa dola 120 kwa kutumia picha ambayo alikuwa ameipiga mwenyewe. Akaenda mahakamani 2016 akidai dola bilioni moja, lakini madai yake ya hakimiliki hayakufika mbali kwa sababu alishazitoa kwa umma. Alichotoa alikitoa.

Benki, kampuni ya simu, hoteli, wakala wa utalii, hao ni watu wengine. Wana bajeti, wana idara ya sheria, wana mtu wa matangazo ambaye alipewa hela ya kununua picha na hakuinunua. Hapo mara nyingi aliyekosea ni wakala wa matangazo, lakini wewe andika kwa kampuni yenyewe na kopi kwa wakala, wao kwa wao watajua wanavyokatana, na utashangaa jibu linavyokuja haraka kampuni ikigundua wakala aliwatoza hela ya picha ambayo hakuilipia.

Barua ya kwanza iwe fupi na baridi. Kitu kama hiki: "Habari za kazi. Picha iliyopo kwenye ukurasa wenu, posti ya tarehe fulani, ni kazi yangu. Nimeambatanisha faili halisi na skrinshoti. Sina kumbukumbu ya kuwapa leseni, kama mnayo naomba mnitumie. Kama hamna, nimeambatanisha invoisi ya matumizi hayo, naomba tumalizane ndani ya siku 14." Basi. Ile sentensi ya "kama mnayo naomba mnitumie" usiiache, kwa sababu mbili: wakati mwingine kweli wanayo, walinunua kwa klaienti wako au kwa wakala uliyemsahau, na utakuwa umejiokoa na aibu. Na wakikosa, kimya chao au jibu lao la "tuliitoa mtandaoni" ni kukiri kwa maandishi.

Kiasi cha kuandika kwenye invoisi, hapa ndipo kila mtu ananiuliza. Usitunge. Sheria ya Kenya inaruhusu mahakama badala ya kuhesabu hasara ikupe kiasi ambacho mtu angelipa kama angechukua leseni kihalali. Maana yake ni kwamba ushahidi wako wa bei ni bei zako mwenyewe za nyuma. Kama una karatasi ya bei, na una invoisi mbili tatu za wateja waliolipa kutumia picha kwenye bango kwa miezi mitatu, una namba ya kusimamia. Kama historia yako yote ni picha ulizotoa kwa "nitagi tu bro", wakili wa upande wa pili atakuuliza mahakamani bei yako ya kawaida ni shilingi ngapi na utasema nini? Ndiyo maana nimeanza na krediti. Inakukosesha hela ya leo na inakufutia bei ya kesho. Nyongeza kwa kutumia bila kuomba unaweza kuiweka, watu wengi wanaiweka, ila iandikwe kwenye masharti yako ya kawaida kabla, isizaliwe siku ya hasira.

Kuiondoa picha mtandaoni kunakuja baada ya hapo, na ni njia rahisi kuliko watu wanavyodhani. Facebook, Instagram, Google, X, zote zina fomu chini ya ile sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki mtandaoni, DMCA, unajaza wewe mwenyewe bila wakili, ila unatamka chini ya kiapo kwamba wewe ndiye mwenye haki, kwa hiyo usijaze kwa picha ambayo kifungu cha 31 kimeshampa mwingine. Aliyetolewa akipinga rasmi, picha inarudi baada ya siku 10 mpaka 14 za kazi kama hujafungua kesi. Kenya nao tangu marekebisho ya 2019 wana utaratibu wao wa notisi kwa watoa huduma za intaneti, wenye saa 48 za kuchukua hatua. Ukitaka hela, usikimbilie fomu, kwa sababu picha ikishatolewa mtu anaona deni limekwisha. Ukitaka tu itoke, nenda moja kwa moja.

Jambo jingine ambalo wapiga picha hatulipendi: sura iliyomo kwenye picha sio yako. Una hakimiliki ya picha ya bibi harusi, huna ruhusa ya kuuza uso wake kwa kampuni ya vipodozi. Ukiwatumia invoisi ya leseni wakalipa, umewauzia kitu ambacho nusu yake hukuwa nacho, na yeye atawageukia nyote. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliipiga klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake, na Roma School faini ya shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hizo picha kuna mtu alizipiga. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023. Kwa hiyo kabla ya kuandika invoisi ya picha yenye mtu, tafuta fomu yake ya ridhaa. Kama huna, dai fidia kwa matumizi yaliyopita na uwaambie waitoe, usiwauzie leseni ya kuendelea. Na ukurasa wako mwenyewe wa Instagram upitie usiku huu, harusi ngapi uliziomba ruhusa.

Kuna hali moja tu ambapo mpangilio wote huu naugeuza, na ni pale picha inapotumika kudanganya. Umempiga mtoto wa jirani akicheka, miezi mitatu baadaye yupo kwenye ukurasa wa watu wanaochangisha hela, "anahitaji upasuaji India, tuma kwa namba hii". Au picha yako ya mafuriko ya mwaka juzi inasambazwa kama maafa ya leo. Hapo invoisi weka pembeni. Piga skrinshoti, hakikisha ile namba ya kutumia hela inaonekana, jaza fomu ya kuitoa dakika hiyohiyo, mpigie mama wa mtoto kabla hajapigiwa na shangazi wa Mwanza anayelia, na mpeleke pamoja na skrinshoti zako polisi, dawati la makosa ya mtandao, muandikishe na mchukue namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu pale polisi. Wakikuuliza faili halisi, unayo.